Mnara wa Mama Tereza

Fabian alikuwa anakunywa chai ya mkopo pale Ipagala, Dodoma, alipomsikia Mama Tereza, mwenye nyumba ya vyumba vingi, akilalamika. Wapangaji wake, wanafunzi wa chuo, walikuwa wamemwambia wazi: mwisho wa mwezi alete intaneti, la sivyo wanahama wote.

Masikio ya Fabian yalisimama kama ya punda aliyesikia pumba zikimwagwa.

"Shikamoo mama. Nina kampuni ya intaneti. Changa, lakini inakimbia."

"Marahaba. Bei?"

"Laki nne. Nusu sasa, nusu ikishika."

Mama Tereza, ambaye moyoni alishawapandishia wapangaji kodi, alilipa kwa simu palepale.

Kesho yake Fabian akapanda juu ya bati na dishi bovu aliloliokota Kizota, akalipaka rangi nyeupe. Akalielekeza Ikulu ya Chamwino kwa heshima zote, maana huko, alisema, ndiko mawimbi yanakotokea. Aliposhuka, simu zote zilishika. Video zikacheza. Wapangaji wakashangilia. Intaneti yenyewe ilitoka kwenye simu iliyokuwa ndani ya koti lake.

Alipoondoka, nayo ikaondoka.

Akipigiwa, majibu hayakumpungukia. "Mama, kampuni ndogo ni msalaba! Jana leseni, leo umeme, na upepo wa Dodoma nao umenigeuzia dishi." Akija kukagua, mambo safi. Akitoka, giza.

Aliyegundua ni Naima, mpangaji kutoka Kondoa. "Mama, hilo dishi ni pambo. Mnara ni huyo kaka mwenyewe. Akienda chooni tu, video inakwama."

Mama Tereza hakugomba. Alisonga ugali, akapika mlenda, akamwita Fabian aje achukue nusu iliyobaki. Na mgeni, alisema, haondoki na njaa. Fabian akala, akaongezewa, akaongezewa tena. Wapangaji walimzunguka na kompyuta zao, wakipakua filamu. Bando likaisha. Kulinda jina la kampuni, Fabian akageukia ukutani, akanunua jingine.

"Nashukuru mama. Naomba niende."

"Nenda, baba. Mtambo uache."

"Mtambo si uko juu ya bati?"

"Huo wa kwenye koti."

Fabian akalikumbatia koti. Fedha zote alizowatapeli wenye nyumba wa Kizota kwa mchezo huohuo zilikuwa kwenye laini hiyohiyo.

"Simu siiachi, mama."

"Basi kaa nayo. Wale wa Kizota uliowatapeli kabla yangu wako getini; niliulizia habari zako, nikawaita waje waione kampuni. Ukiwa mpangaji wangu, nitawaambia wakusubiri kidogo. Ukiwa mgeni, nakusindikiza sasa hivi."

Akapewa stoo, iliyo katikati ya nyumba, ili chumba cha kwanza na cha mwisho vipate sawa. Bando likiisha, ananunua. Hakuna mwanafunzi aliyehama.

Jumapili Fabian akaomba ruhusa aende kanisani, akanyooshe miguu. Mama Tereza akamruhusu. Wapangaji wakamfuata wote na kompyuta zao, hata Naima, Muislamu safi, aliyekaa nje chini ya dirisha mpaka ibada ikaisha.