Pilau la Mama Mkwe na Maganda Yangu ya Risasi

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio bado yanawaka moto. Nimewanyang'anya wageni chakula. Mikononi! Mbele ya mama mkwe! Kaeni niwasimulie mwenyewe kabla Dada Pendo wa kanisani hajaniwahi, maana yule akisimulia huongeza chumvi mpaka kitu hakiliki.

Mnajua mimi ni mtu wa kulenga shabaha. Leseni ninayo, bunduki inakaa kwenye kabati la chuma, na Jumamosi nyingi huwa uwanjani na wenzangu tunatoboa karatasi. (Kulungu pekee niliyewahi kumlenga porini bado yuko hai, nadhani ana wajukuu.) Sasa mwaka huu nikasema nami nitengeneze kona nyumbani ya kujaza risasi mwenyewe, kama wenzangu. Unaokota maganda uliyokwisha kuyafyatua, unayasafisha, unayajaza upya. Ni kazi ya utulivu, ya mtu asiye na haraka.

Kona nimeipata besimenti, yaani chini ya nyumba, hapa kwetu Rexdale ughaibuni, katikati ya mashine ya kufulia na friza. Nimekaza meza ukutani, nimefunga taa, nimepanga vikopo. Baruti hata sijanunua. Kona kwanza! Stella, mke wangu, alinikubalia kwa sharti moja. Ana mimba kubwa, siku yoyote tunakimbizana hospitali. Akaniambia, "Deo, uchafu wa risasi zako usipande ngazi. Mimi na mwanangu hatutaki hata kuunusa." Na ana haki. Ganda lililofyatuliwa lina masizi ya sumu, na wa kwanza kukatazwa kuyakaribia ni mjamzito. Nikaapa kwa jina la marehemu bibi yangu.

Mama yake Stella amekuja kutoka Kyela kumpokea mjukuu. Kyela, ndugu zangu, ambako mchele una heshima kuliko mkwe. Juzi alishuka besimenti akaiona meza yangu na ile mashine ya mkono iliyofungwa juu yake.

"Mkwe, unataka kushona viatu?"

"Kitu kama hicho, mama."

(Nyie mngejibu nini? Kwamba mume wa binti yako anatengeneza risasi chini ya sebule?)

Basi leo asubuhi nikasema nisafishe maganda ya kwanza. Kuna mashine ndogo inayoyatikisa pamoja na kitu kikavu cha kuyasugua. Wenzangu hutumia maganda ya karanga yaliyosagwa, yanauzwa dukani. Mimi nilisoma mahali kwamba hata mchele unafaa. Na gunia la mchele si liko palepale, pembeni ya friza? Nikachota. Mashine ikanguruma, maganda yakatoka yanang'aa kama pete za harusi. Mchele wenyewe ukatoka na rangi ya jivu.

Nikaumimina kwenye kopo la aiskrimu, ili niutupe baadaye. Nikafunika. Nikaliacha juu ya mashine ya kufulia.

Sikuandika kitu juu yake. Kopo la aiskrimu, kwenye nyumba ya Watanzania! Nyumba ambayo kopo la aiskrimu huwa na kila kitu isipokuwa aiskrimu: maharage, supu, vitunguu vya kukaanga. Nani atalifunua akashangaa kukuta mchele?

Halafu nikatoka kwenda kununua kufuli la kabati la kona yangu. Usalama kwanza, si ndiyo? Basi la barabara ya Kipling likachelewa, theluji ikanipiga, na niliporudi nikakuta viatu vimejaa mlangoni. Watu wa kanisani wamekuja kumsalimia mama. Na nyumba nzima inanukia pilau.

Nikaketi kwa furaha. Mzee Anselm, mwenyekiti wetu wa kanisani, alikuwa kwenye kochi kubwa. Dada Pendo alikuwa anagawa sahani. Ya kwanza kabisa akapewa Stella, imejaa, maana anakula kwa wawili. Mama mkwe akaanza kuzungumza, na mama akizungumza hakimbizwi. Anameza mate, anatengeneza khanga, ndipo anaendelea.

"Jamani, mchele wa huku. Sijapata kuona. Nimeuosha, maji meusi. Nikaosha tena, meusi. Nikasema, hivi hawa wenzetu mpunga wanalima kwenye gereji?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na koti nilikuwa sijavua.

"Mama, mchele uliutoa wapi?"

"Si kule chini. Kwenye kopo la aiskrimu. Sasa basi..."

"Na tuombe," akasema Mzee Anselm.

Macho yote yakafumbwa, mama naye akanyamaza. Mzee Anselm haombei chakula tu. Anaombea wasafiri, wagonjwa, wenye shida za makaratasi, na serikali zote mbili, ya nyumbani na ya huku. Kawaida huwa nanung'unika moyoni. Leo nilimwomba Mungu azidi kumpa maneno, maana nilikuwa nafikiria. Nikisema, wote watajua ninachofanya besimenti, na mama atajua nilimdanganya. Nikinyamaza, je? Labda aliuosha ukatakata. Labda moto umeua sumu. (Moto hauui sumu hiyo, na nilijua.) Nikafumbua jicho moja nikamwona Stella amefumba macho, mkono mmoja juu ya tumbo, mwingine tayari umeshika kijiko.

"Amina."

"MSILE!"

Sijui hata niliruka vipi. Kijiko cha Stella nilikidaka hewani, punje zikamwagikia mapajani mwake. Nikachukua sahani yake, nikachukua ya Mzee Anselm, nikachukua ya mama mkwe wangu. Jamani, nimempokonya mama mkwe sahani! Zote nikazimwaga kwenye mfuko wa taka wa jikoni. Kisha sufuria. Nyama, viazi, ukoko, vyote. Hata kachumbari, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kwetu unaweza kumkosea mgeni mambo mengi akakusamehe, lakini si kumpokonya sahani akiwa ameshasema amina.

"Kaka Deo," akasema Pendo polepole, "ungesema tu kwamba chakula hakitoshi."

Ikabidi nitoboe siri. Nikasema yote: maganda, mashine, mchele, masizi, sumu.

"Risasi?" Pendo akarudi nyuma. "Humu ndani? Kuna vita gani Rexdale ambayo sisi hatujaambiwa?"

Stella alipangusa punje mapajani. Alikuwa ananiangalia, na macho yake yamejaa maji. Hapo ndipo nilipoumia kweli, kuliko aibu yote.

Mama mkwe akatengeneza khanga yake.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama. Nisamehe."

"Basi naomba na mimi nimalize. Nilikuwa nasema, nimeosha mara ya tatu, maji bado meusi. Nikaona, mchele huu hauliki hata na kuku. Nikauacha kulekule chini kwenye beseni. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikachota mwingine kwenye gunia. Ndio niliopikia."

Mama akaukazia macho mfuko wa taka.

"Pilau ulilomwaga lilikuwa zima."

Nilishuka ngazi mbili mbili. Beseni lilikuwepo, karibu na mashine ya kufulia. Mchele wangu wa jivu umelala ndani yake wote, na katikati yake kumebaki ganda moja nililolisahau, linameremeta. Nikakaa kwenye ngazi. Nikasema asante Mungu, nikasema asante Kyela, nikajikuta nacheka na kulia kwa pamoja. Hakuna aliyeonja. Hakuna aliyekuwa hatarini hata dakika moja, isipokuwa heshima yangu.

Niliporudi juu, nikakuta kikao kinaendelea.

"Huo mfuko wa taka," Pendo alikuwa anauliza, "ulikuwa mpya?"

"Mna majani ya chai," akajibu Stella.

"Majani ya chai si sumu," akasema Mzee Anselm. Naapa hakuwa anatania. Mzee amefunga tangu asubuhi akiliwazia pilau.

Tukaagiza piza. Mama mkwe akakipokea kipande chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akakagua chini, akala bila maoni. Nikapiga goti mbele yake kuomba radhi kwa ile habari ya viatu. Akaniangalia sana.

"Wewe ni mwongo," akasema. "Na unaharibu mchele. Lakini ungenyamaza kwa kuogopa aibu, leo ningemfungasha binti yangu nikarudi naye."

Kisha akaomba kipande kingine.

Wageni wameondoka sasa hivi. Mchele wa sumu nimeufunga kwenye mifuko miwili na kuuandika kwa herufi kubwa, kesho naupeleka wanakopokea taka za hatari. Kona yangu iko palepale, ila kesho nanunua yale maganda ya karanga kama binadamu wengine.

Naombeni msicheke. Stella yuko hapa kwenye kochi anacheka mpaka ameshika tumbo kwa mikono miwili, na leo ni yeye peke yake niliyemruhusu.