Kwa Mbele Uko Sawa

Alhamisi, 2 Oktoba

Siku njema! Bosi kanipa ukuta wa mbele wa lile kanisa la Dallas. Wote vioo, kuanzia sakafuni mpaka paa. Tangu niingie ofisi hii ya Houston nachora vyoo na paking, vitu ambavyo watu huvitumia bila kuvitazama. Sasa watu watasimama barabarani wautazame ukuta wangu. Nimefurahi mpaka nikashindwa kula.

Halafu nikaona haitoshi. Kamati ya ujenzi ilipopiga simu, niliwaambia fremu za kushikilia vioo sitazitoa kwenye katalogi. Nitazichora mwenyewe, umbo ambalo Texas nzima haijaliona. Mwenyekiti wao, Mchungaji Élysée, Mkongo mwenye sauti nzito, akasema Mungu anibariki. Wawira, Mkenya wa dawati la jirani, alinitazama tu. Hakuna anayeijua programu yetu ya kuchorea kama yeye, na ukuta huu aliutaka. Pole yake.

Jumamosi ya wiki ijayo naupeleka Dallas. Kamati ikiukubali, umekuwa wangu. Ikiukataa, narudi chooni.

Ijumaa, 3 Oktoba

Umbo limekamilika. Ukiikata fremu ukaitazama kwa ncha, unaona jani la mgomba lililokunjwa. Zuri! Nimelichora pembeni kabisa ya ukurasa, upande wa kulia, nipate nafasi. Katikati kuna kialama cha jumlisha kinachokera macho.

Nikaliingiza kwenye ukuta. Balaa! Vioo kivyao, fremu kivyao. Fremu zimeingia ndani ya kanisa, zimesimama kati ya viti kama wazee wa kukusanya sadaka. Vioo vinaning'inia hewani, havijashikwa na kitu. Nikafuta, nikaingiza upya. Vilevile. Nikazima kompyuta, nikawasha. Vilevile. Nikakemea kwa jina la Yesu, kwa sauti ya chini. Vilevile.

Wawira akapita, akauliza niko sawa ama anisaidie. Nikajibu mambo yanakwenda vizuri, nikaziba skrini kwa mgongo. Nimpe sababu ya kusema ukuta ni wake? Thubutu!

Jumapili, 5 Oktoba

Mpango kabambe. Sitamwomba Wawira. Ataona mwenyewe. Nilimwambia Bertila, mke wangu, awaalike Wawira na mumewe chakula cha mchana hapa kwetu Katy. Kompyuta nikaiacha wazi juu ya meza ndogo ya sebuleni, ukuta umejaa skrini. Fundi hawezi kuona kosa kama lile akanyamaza. Angetaja dawa, nami ningesema hata mimi nilikuwa na wazo hilohilo.

Nikatoka mara moja kununua barafu. Kurudi, wageni wamekaa, kompyuta haionekani. Bertila ameifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe alichopewa na mama yake, na juu yake ameweka maua ya plastiki. Nyumbani kwetu wageni wakija kila kitu kinavalishwa kitambaa: televisheni, spika, mikono ya makochi. Nilisahau desturi ya nyumba yangu mwenyewe.

Nikakifunua kijanja. Bertila akakirudisha. Nikakifunua tena, nikisingizia mashine inapata joto. Wawira akageuza kiti, akatazama dirishani. Mtoto wa watu, kalelewa, hachungulii vitu vya mwenyeji. Akala pilau mara mbili, akasifu kachumbari, akaaga.

Tukiosha vyombo, Bertila akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote. Akasema, "Baba Joyceline, mficha uchi hazai. Si umuulize tu?" Bertila ni muuguzi. Kazini kwake mtu akiumwa anasema. Ofisi ya ramani si hospitali.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata dawa! Mwenyewe! Ukiutazama ukuta kwa mbele, wima kabisa, bila kuzunguka, fremu zinaonekana zimekaa pale pale penye vioo. Macho hayajui kwamba ziko nyuma. Basi! Nimetengeneza picha moja tu, ya mbele, kubwa, yenye anga la bluu na waumini wanaotabasamu.

Bosi kauliza kama ukuta uko tayari. Nikamwambia kwa mbele uko sawa kabisa. Sikusema uongo. Akafurahi, akasema Wawira atafuatana nami na kompyuta yenye jengo zima, ikiwa kamati itataka kuona zaidi. Nikamwambia hakuna haja. Akasema ipo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Dallas. Tuliondoka alfajiri, Wawira anaendesha. Kabla hatujatoka Houston alikuwa ameshaniuliza habari za fremu. Nikajifanya nimelala mpaka Corsicana, karibu na Dallas.

Chai, maandazi, sala ndefu. Kisha picha yangu ikawekwa ukutani. Makofi! Kila mwanakamati alisema neno, maana kwenye kamati za kwetu hakuna mtu anayetoka bila kusema neno, na kila neno lilikuwa tamu. Nilianza kukunja waya.

Mchungaji Élysée akanyoosha mkono. Akasema kwaya haiimbii barabarani, inaimbia ndani. "Ndugu, tunaomba utuingize na ndani, tuone." Nikasema ndani bado rangi ni mbichi. Jengo lenyewe halijajengwa! Wawira akanitazama, akanisubiri nikatae au nikubali. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Akalizungusha jengo kwenye kompyuta.

Fremu zangu hizo, kati ya viti. Moja imepita katikati ya mimbari. Mama mmoja wa kwaya akauliza kama ni nguzo za kufungia mapambo ya harusi. Nikasema ndiyo! Mchungaji akauliza, sasa vioo vimeshikwa na nini. Nilikaribia kusema imani.

Nimeumbuka. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Niliviona vyoo vyote vya Houston vikinisubiri kwa mstari, na iliniuma sana, kwa sababu lile jani ni zuri kweli na hakuna ambaye angeliona.

Wawira akaniuliza polepole kama anaweza kugusa. Nikaitikia kwa kichwa. Akafungua mchoro wa fremu, akalishika jani kule pembeni, akaliweka juu ya kile kialama cha jumlisha. Fremu zote zikaruka zikakumbatia vioo. Kumbe pale kwenye alama ndipo kioo kinapokaa! Vigelegele. Wawira akawaambia umbo ni langu, la Sadock, yeye amelisogeza tu. Nilitaka kulia, kwa hasira au kwa shukrani, sijui.

Njiani nikamuuliza kwa nini Jumapili hakusema, kwani hakuona? Akasema aliona, mara mbili. Lakini mgeni hafunui kitambaa cha mwenye nyumba. "Ungeniuliza tu, Sadock."

Jumatatu, 13 Oktoba

Kamati imeukubali ukuta. Fremu za jani zinabaki. Bosi kampa Wawira aumalizie. Mimi kanihurumia, kanipa ukuta mdogo wa ubavuni, unaotazama paking. Wawira akasema nikikwama nimwite, hata kwa simu. Nikamshukuru sana. Mtu muungwana yule, na mimi nimejifunza mengi.

Kwanza, sitachora tena pembeni upande wa kulia. Ndio ulioniponza. Umbo jipya nimelichora pembeni upande wa kushoto.

Fremu zimetokea nje. Zimesimama paking, kati ya magari. Wawira alipita akauliza inaendaje, nikamwambia vizuri tu. Kwa mbele uko sawa.

Jioni nimemwambia Bertila awaalike tena Jumapili, kwa pilau ileile. Kitambaa nimeshakificha kwenye buti la gari.