Kijerumani cha Endagikot

Jumatatu, 8 Julai 1974

Nimepata! Yaani bado, lakini nimepata. Tangazo limebandikwa ofisini asubuhi: mabadilishano ya masomo, mwaka mmoja, chuo kikuu Ujerumani Mashariki. Nafasi moja kwa Mbulu nzima. Usaili Jumamosi, mbele ya profesa mwenyewe kutoka huko. Nilisoma huku nimeshika ukuta. Kugeuka, Felician wa uhasibu yuko nyuma, ananipumulia shingoni. Akasema nisijichoshe, Ndugu Hilary, Ulaya hawachukui mtu anayekimbia mbwa. Mbwa wa bwana mifugo anakimbiwa na kila mtu.

Felician alinishinda alama kidato cha sita. Ana sauti pia. Mimi nikisimama mbele ya wakubwa, sauti hubaki mlangoni. Lakini Felician atajibu kwa Kiingereza kama watu wote. Mimi nitajibu kwa Kijerumani!

Jumanne, 9 Julai

Baada ya kazi nimetembea mpaka Endagikot. Baridi ya kukata masikio. Yuko huko Mzee Margwe, alifanya kazi bomani enzi za Wajerumani, ujana wake. Nikampa shikamoo na tumbaku, nikaeleza shida yangu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema Kijerumani alikisema kila siku, tangu alfajiri, tena kwa ukali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumbishia. Mwalimu gani mwingine anaweza kujisifu hivyo?

Tumeanza na salamu. "Fus!" Unaitoa kwa nguvu huku unatazama chini. Kwa nini chini? Akasema ndivyo inavyofanywa. Adabu, bila shaka. Kumbe Wajerumani nao wana heshima kama sisi.

Alhamisi, 11 Julai

Naendelea vizuri mno. Nina "tsuruk". Nina "brr". Nina sentensi nzima, yenye "faula toifel" ndani yake, ambayo Mzee anasema huleta matokeo haraka. Nikauliza maana. Akasema ni ya kuhimiza. Nimeiwekea akiba ya mwisho wa usaili.

Perpetua, mchapaji wetu, ananisaidia mazoezi. Yeye anakuwa profesa, mimi nakuwa mimi. Tunapitia maswali yote niliyokusanya: Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa, kwa nini unataka kwenda. Nikikwama, ananionyesha jinsi ya kujibu. Nakwama sana. Ananihurumia, nadhani hata zaidi ya kunihurumia. Leo ameuliza usaili unaanza saa ngapi. Anataka kuja kunitakia heri!

Felician alipita dirishani akasikia "brr", akauliza kama nina homa. Nikasema ndiyo, ya kuambukiza. Amehamisha meza.

Jumamosi, 13 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Perpetua alikuwa kwenye benchi, kavaa gauni la kanisani. Nikampungia mkono. Akaitwa ndani kabla yangu. Nikadhani wanahitaji mchapaji.

Akaingia Felician, akatoka anatabasamu. Kisha mimi. Mezani walikaa Mzee Zubery, mkuu wetu wa utumishi, na profesa, mtu mrefu mwenye miwani. Nikavuta pumzi, nikatazama chini, nikapiga: "Fus!"

Profesa akainua mguu.

Kweli kabisa. Akaikagua soli ya kiatu, kisha akanitazama. Nikaona tumeelewana. Nikashusha "tsuruk", nikashusha "brr", nikamalizia na ile ndefu, kwa sauti ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Profesa akalala juu ya meza. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Mzee Zubery akauliza kulikoni. Akaelezwa kwa Kiingereza, polepole, nami nimesimama pale pale: baba yake profesa alikuwa na nyumbu wa kuvuta mizigo, na hivyo ndivyo alivyowaamrisha. Inua mguu. Rudi nyuma. Simama. Twende, shetani mvivu wee!

Mzee Zubery akaniomba nitoke.

Jumatatu, 15 Julai

Amechukuliwa Perpetua! Nilipomuuliza tangu lini naye ni mwombaji, akasema tangazo lilitaka vijana, halikutaja masharubu. Mzee Zubery anasema hajapata kusikia majibu safi namna ile kuhusu vijiji vya ujamaa. Mimi nimepata. Nimeyasikia wiki nzima. Felician amenuna, hali chakula. Hilo angalau limenifariji.

Jioni nikaenda Endagikot kulalamika. Mzee Margwe akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: profesa aliinua mguu, hakuinua? Nikasema aliinua. Akasema basi Kijerumani ninakijua, shida iko kwa hao wakubwa.

Nikitafakari vizuri, ana hoja.

Jumatano, 17 Julai

Siku kubwa! Mzee Zubery ametuita wote. Anasema mabadilishano maana yake ni mabadilishano: wetu akienda, wao anakuja. Mwanafunzi Mjerumani atakaa nasi mwaka mzima kujifunza Kiiraqw, lugha ya hapa. Anatakiwa mtumishi wa kumfundisha, na mwakani mwalimu huyo atasafiri naye Ujerumani, miezi mitatu, gharama zote juu yao.

Watumishi wenyeji wote wako vijijini kuhamisha watu. Tuliobaki ni wa kuja. Mzee Zubery akauliza, nani kati yetu anakijua Kiiraqw sawasawa? Felician, mtu wa Songea, akatazama dari. Mkono ukanyooka. Nikautazama. Ulikuwa wangu.

Mimi ni wa Sumbawanga. Kiiraqw nilicho nacho nimekipata sokoni, kwa akina mama wa maziwa. Lakini kinatosha, na usiku huu nimeshapanga masomo ya mwezi wa kwanza. Mgeni akishuka tu kwenye gari, nitamfundisha kumsalimu Mkuu wa Wilaya. Neno lenyewe, nadhani, maana yake ni "haya yamechacha". Likitamkwa kwa tabasamu, Mjerumani atajuaje?