Shimo la Mama na Nafasi Tano za Chuo

Jumatatu, 14 Julai 2025
Chuo kimetangaza nafasi tano za utafiti kwa wenye uzamivu: fizikia, lishe, isimu, historia, biashara. Mwisho wa kuomba, Jumapili. Mwaka wa pili huu nina uzamivu na kazi sina. Nalala chumba changu cha utotoni hapa Mugoma. Wenzangu wataomba nafasi moja moja. Mimi zote! Leo mama amefukia shimoni mikungu ya ndizi ziive, Jumamosi zikamuliwe pombe ya mahari ya dada yangu Nice. Joto la shimo, fizikia. Ndizi, lishe. Mengine nitajazia.

Jumanne, 15 Julai
Mama kaonya: shimo likishafukiwa halichunguliwi mpaka siku ya kukamua. Alipokwenda shambani nikalifukua, nikapima kwa kipimajoto cha homa nilichoazima zahanati. Thelathini na nane! Ningekuwa nesi ningelilaza. Nikafukia vizuri.

Jumatano, 16 Julai
Kaja Deodata wa Nyamahanga, niliyesoma naye. Anaomba nafasi moja tu, ya lishe. Nilimhurumia. Akampa mama shikamoo, wakakaa jikoni saa tatu nzima wakichambua maharage, yeye akiandika kila alichosema mama. Kupoteza muda! Mama hana hata cheti cha la saba. Mimi nimefukua mara nne.

Ijumaa, 18 Julai
Mara sita. Joto linashuka na sijui kwa nini. Nimeliandika kama ugunduzi.

Jumamosi, 19 Julai
Aibu. Shimo limefunguliwa mbele ya ukoo. Ndizi za kijani, ngumu kama zilivyoingia. Mama kauliza nani alilifungua. Nikasema huenda panya. Shangazi Tecla akachomoa kipimajoto katikati ya mkungu, akasema panya wa siku hizi wamesoma. Nice akalia, na hilo liliniuma kweli. Jirani yetu Nkeshimana ametuokoa kwa ndizi zake mbivu. Mama kaninyang'anya jembe.

Jumapili, 20 Julai
Nimetuma maombi matano. Sababu ya joto kushuka nimeandika ni mabadiliko ya tabianchi.

Jumatatu, 4 Agosti
Chuo kimejibu. Mtu mmoja, ombi moja. Yangu yote yametupwa. Eti ilikuwa kwenye tangazo, mstari wa kwanza. Nani husoma mstari wa kwanza? Deodata kapata ya lishe. Mama ndiye mtaalamu wake, na chuo kitamlipa posho! Mama kakubali, ila kataka msaidizi wa kubeba mikungu. Kanitaja mimi. Nilikaribia kulia. Sharti lake ni moja, na nimeapa mbele ya Deodata na shangazi Tecla.

Jumanne, 5 Agosti
Tumefukia asubuhi. Mama kaenda sala za jumuiya. Nimetoboa tundu dogo tu, la kupitisha kidole. Tundu si kufungua.