Mpishi Mkuu Mwenye Mafua

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi katangaza mezani, kijiko bado kimo mdomoni mwangu. Anastaafu. Mgahawa wake atamwachia atakayepata nafasi chuo cha upishi kufikia Jumamosi: mimi au Binamu. Nimepigwa na butwaa. Miaka sita nimesimama jikoni kwake nikionja, leo nashindanishwa! Tena na mtu anayeosha mwiko kabla hajauchafua.

Vyuo viko vitatu. Sitafuti kilicho bora. Natafuta kilicho rahisi.

Jumanne, 4 Machi
Chuo cha kwanza. Niliuliza nitashika sufuria lini. Karani akasema baada ya miezi mitatu ya kumenya vitunguu. Nikadhani ananitania. Akafungua mlango: watu ishirini, machozi yanawatiririka, na hakuna aliyefiwa. Katikati yao Binamu, aproni nyeupe pe, fomu keshajaza. Akanipungia kisu. Niliondoka bila kuaga.

Jumatano, 5 Machi
Chuo cha pili hawamenyi. Wananoa visu. Nilinoa kimoja. Muuguzi wao ni mama mwema sana na anajua kufunga kidole.

Chuo cha tatu ndicho! Mtihani wa kuingia ni mmoja tu: unakuja na mchuzi uliopika nyumbani, mpishi mkuu anauonja. Na mpishi mkuu, kaninong'oneza mlinzi wa getini, ana mafua wiki nzima. Hasikii harufu wala ladha. Juzi kanywa siki akidhani maji. Nikajiandikisha palepale. Mtihani ni Ijumaa.

Nyumbani nimemkuta Shangazi anapiga pasi aproni yake. Kasema Ijumaa kuna mtu kamwomba msaada. Sikuuliza nani. Nina mambo yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepika mchuzi wangu mwenyewe, kwa uaminifu kabisa. Binamu akaonja, akauliza hiyo gundi ni ya kubandikia nini.

Kwa mpishi asiyesikia ladha hata gundi ingepita. Lakini mimi si mtu wa kubahatisha. Nimechota nusu ya mchuzi wa Shangazi nikautia kwenye hotipoti. Akauliza umekwenda wapi. Nikasema paka. Akasema paka wetu alikufa mwaka jana. Nikasema wa jirani.

Ijumaa, 7 Machi
Niliingia nikitabasamu. Mpishi mkuu alikuwa amekaa na leso, pua nyekundu kama nyanya. Akaeleza, kwa shida, kwamba kwa kuwa yeye haonji chochote kwa sasa, amemwomba mwalimu wake wa zamani amwonjee. Mlango ukafunguka. Nikaiona aproni kabla sijamwona mtu. Imenyooka vizuri. Shangazi!

Hakunisalimu. Akaonja, akafumba macho. Akauliza nani kapika. Nikasema mimi. Akauliza baada ya kitunguu saumu niliweka nini. Nikasema chumvi. Na baada ya chumvi? Nikasema upendo.

Shangazi akamwambia mpishi mkuu kwamba mchuzi ni safi, aliyeupika anastahili nafasi chuoni, na huyu paka wa jirani atolewe nje.

Jumapili, 9 Machi
Funguo za mgahawa kapewa Binamu, aliyepata nafasi chuo cha kwanza. Shangazi naye hapumziki tena: mpishi mkuu kambembeleza, Jumatatu ijayo anaanza kufundisha chuo cha tatu. Nilikwenda kuchagua chuo, kapata kazi yeye.

Asubuhi aliniita pembeni. Kwa upole, akasema siku zote moyo wake ulitaka mgahawa uwe wangu, na kwamba ningepeleka ile gundi yangu angenipitisha, maana angalau ilikuwa yangu. Hilo liliniuma kweli. Nililia, na hapakuwa na kitunguu karibu. Binamu kanionea huruma. Kasema nikipata chuo chochote, tutashirikiana jikoni.

Nimetafakari siku nzima na kosa langu nimeliona. Nilimchunguza mpishi mkuu, nikasahau kuuliza nani atamwonjea.

Kesho narudi chuo cha pili. Jana nilikwenda huko kubadilishiwa bandeji, na muuguzi kanidokeza kwamba mpishi mkuu wao kaanza kupiga chafya.