Gari la Marehemu Lapelekwa Lindi

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa nne na robo asubuhi, jua likiwa limeshika na upepo wa kusi ukirusha vumbi la Kilwa Masoko ndani ya vikombe vya chai vya watu waungwana, Valentini alifungua simu yake akakuta riziki. Kazi hakuwa nayo. Kazi aliiona kuwa ni adhabu ya watu wasiojua kusema.

Riziki yenyewe ilikuwa picha. Katika kundi la WhatsApp la wapenzi wa magari ya kale, watu wazima wenye familia zao wanaoshinda wakigombania taa na bampa, Mzee Saifuddin, mfanyabiashara wa Lindi, alikuwa ametuma picha ya marehemu babu yake: kanzu, kofia, mkono mmoja umeegemea gari jeusi lenye pleti ya namba 47. "Jamani, hili ni gari gani? Natamani kuona linalofanana nalo."

Wataalamu wakacharuka. Boniface aliapa kwamba ni Pijo, kwa ushahidi wa grili. Haruna aliapa kwamba ni Ford, kwa ushahidi wa taa, akaongeza kuwa anayeona Pijo hapo akapimwe macho. Salome alikumbuka baba yake alivyompakia katika gari kama hilo, akatuma vikatuni vya machozi.

Valentini yeye alipiga simu.

"Shikamoo, mzee wangu. Linalofanana la nini? Gari lenyewe la marehemu lipo! Kikole, chini ya mikorosho. Pleti nimeisoma kwa macho yangu: 47."

"Marahaba. Arobaini na saba? Kama kwenye picha?"

"Ileile, mzee. Nusura nilie."

"Basi lilete uani kwangu, mwanangu. Likifika tutazungumza."

Kikole kweli palikuwa na mabaki ya gari: bodi tupu, bila injini wala viti, walimotagia kuku wa mkulima mmoja. Mkulima alilitoa bure, tena akashukuru. Valentini akalipiga rangi nyeusi, akakata bati, akaandika 47 kwa unyenyekevu wa mwanahistoria. Ukabaki usafiri, na mwenye lori, Bi Sikina, hakuwa mtu wa kulainishwa kwa maneno.

"Dada yangu, tukifika Lindi nakulipa nauli mara mbili."

"Mara moja yanitosha. Weka kadi ya pikipiki yako hapa. Tukishusha mzigo hujalipa, pikipiki yangu."

Pikipiki ile ndiyo mali pekee aliyowahi kuinunua kwa fedha halali, na ndiyo iliyomlisha kila ulimi ulipomkwama. Akaitoa kadi.

Uani kwa Mzee Saifuddin wapenzi wa magari walikuwa tayari, simu mikononi. Gari likashushwa. Boniface akapapasa grili, Haruna akapapasa taa, ugomvi ukaanza upya.

"Pleti hiyo, mzee wangu, niliikuta imezama kwenye kutu," alisema Valentini kwa sauti ya msibani.

"Babu yangu hakujua kuendesha," alijibu Mzee Saifuddin taratibu. "Alikuwa mpiga picha."

Akafungua stoo. Ndani ulisimama ubao mpana uliochorwa gari jeusi: grili ya Pijo, taa za Ford, maana mchoraji alichukua kila alichokipenda.

"Nusu ya Lindi imepigwa picha na gari hili. Nilitaka tu kujua mchoraji aliiga gari gani. Na hiyo 47 ni sanduku la posta la studio. Uliponiambia umeiona Kikole, nikasema huyu aje."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Salome alirekodi.

"Sasa lirudishe," aliendelea mzee. "Bi Sikina, kurudi ni kiasi gani?"

"Kama kuja."

"Au uliache hapa bure, mwanangu, nikusitiri." Mzee Saifuddin, ambaye biashara yake Valentini hakujisumbua kuiuliza, alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa huruma hiyo kubwa akawaita vijana wake, wakalisukuma gari la marehemu hadi kwenye mizani.

Bi Sikina akanyoosha kiganja. "Nauli yangu."

"Dada yangu, nivumilie hadi Ijumaa."

"Sikuvumilii."

Valentini akatoa ufunguo wa pikipiki, akauweka kiganjani.

"Na wa akiba?"

Akatoa na wa akiba. Deni likaisha.