Meno ya Meja

Kuanzia asubuhi ile, meno ya mbwa Meja yakawa rasilimali ya taifa. Tangazo lilisomwa uani na Mkurugenzi wa Mamlaka ya Uratibu wa Nyanda Kavu, tawi la Garissa, mbele ya watumishi wote na mbuzi wa jirani walioingia kwa pengo la ua. Diriye hakupiga makofi. Alikuwa na vidole viwili ndani ya rasilimali hiyo, akiinua mdomo wa juu ili aone ukoga umefika wapi.

"Hali ikoje?" akauliza Mkurugenzi.

"Umeshika hadi kwenye ufizi, bwana. Mgumu kama chokaa."

"Mamlaka haitavumilia chokaa," akasema Mkurugenzi, na watumishi wakapiga makofi tena.

Meja alikuwa zawadi ya wafadhili wa ng'ambo. Aliletwa kulinda ghala la mahindi ya msaada. Mahindi yalikwisha katika ukame wa mwaka uliotangulia, lakini ghala liliendelea kulindwa, kwa kuwa hakuna aliyeleta amri ya kuacha. Sasa wafadhili walikuwa wametuma habari kwamba watakuja kumwona mbwa wao, wakauliza mwishoni, kama mtu anavyoulizia watoto, iwapo meno yake ni mazima. Mkurugenzi alilitafakari swali hilo kwa muda mrefu. Aliona kwamba serikali haiulizwi jambo la bure. Kabla ya adhuhuri ilikuwepo Idara ya Meno, na juu yake Kamati ya Meno, mwenyekiti akiwa Mkurugenzi na katibu akiwa Diriye. Wajumbe wengine hawakuteuliwa kwa sababu ya uhaba wa viti.

Diriye alikuwa mchanjaji wa mifugo. Ngamia na ng'ombe aliwajua. Mbwa hakuwahi kumfungua mdomo. Lakini alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyeharakisha kazi wala hukumu, na alichokuwa hakijui alikitazama mpaka akakijua.

Wiki ya kwanza alitumia dawa ya meno iliyotolewa na ofisi, ile kali ya mnanaa. Meja alitoa povu, akachomoka, akapita sokoni mbio akiwa na povu lake. Watu waliona mbwa mwenye kichaa. Maduka yalifungwa mtaa mzima. Mkurugenzi akaripoti makao makuu kwamba zoezi limeanza na mwitikio wa wananchi ni wa haraka.

Baada ya hapo Diriye alikata kijiti cha mswaki, ule ule unaotafunwa na kila mtu Garissa, akakiponda ncha mpaka ikawa laini kama brashi, akakichovya katika maji matupu. Alisugua kwa duara ndogo ndogo kando ya ufizi, jino baada ya jino. Ufizi ukitoa damu, aliacha hapo hadi kesho yake. Mifupa aliipiga marufuku, maana chonge moja la Meja lilikuwa limepata ufa kwa mfupa. Badala yake alimpa kipande cha ngozi kavu ya ngamia akitafune. Taratibu meno ya juu yakaanza kuonyesha rangi yao.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mate ya mbwa ni najisi, na aliyeguswa nayo huosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Saynab, mke wa Diriye, alimwekea birika nje ya lango.

"Ishia hapo hapo," alimwambia jioni ya kwanza. "Umeosha?"

"Nimeosha kazini."

"Kwa udongo?"

"Udongo wa kazini ni wa serikali. Umezuiliwa."

Ilikuwa kweli. Diriye alipochota udongo uani kuoshea mikono, Mkurugenzi alimzuia kwa upole na kumweleza kwamba ardhi ya Mamlaka haichotwi bila idhini. Sampuli ya udongo ilipelekwa Nairobi kupimwa ubora. Mpaka majibu yaje, mzee Guleid, mwuza maji, alimletea Diriye udongo kwenye mkokoteni wake wa punda, kutoka nje ya ua, hatua chache tu.

"Bwana mkubwa," Guleid alimwambia Mkurugenzi siku moja, "mimi nauza maji miaka yote. Leo nabeleka mchanga kwa mtu wa Garisa. Hata hii bunda yangu inaona haya."

"Punda wako hajui taratibu," akajibu Mkurugenzi.

"Kweli, bwana. Yeye hajasoma."

Ziara ilipokaribia, Mkurugenzi aliingiwa na hofu kwamba watumishi watamponyoka kazi haijaisha. Alimwita Khadra, karani wake, akamwamuru apige chapa waraka. Hakuna mtumishi wa Mamlaka atakayetoka Garissa kabla Afisa wa Meno, yaani Diriye, hajathibitisha kwamba meno yote ya mbwa ni safi. Afisa huyo peke yake, akipewa likizo kwa sahihi ya Mkurugenzi, ataruhusiwa kutoka, na mkubwa wake atakaimu. Na yeyote anayekaimu atasugua kwa mkono wake mwenyewe wiki nzima kabla ya kuthibitisha lolote, ili kuzuia uvivu.

"Mtumishi wa cheo gani, bwana?" Khadra aliuliza, vidole vikiwa juu ya mashine.

"Cheo chochote."

"Hata wewe?"

"Andika cheo chochote. Kiongozi huonyesha njia."

Nakala zilipelekwa kwenye vizuizi vyote vya barabara, upande wa daraja na upande wa Wajir. Mkurugenzi alikwenda mwenyewe kuwaonya askari wasimwonee mtu haya.

Waraka huo ulimkuta Diriye pabaya. Binti yake Idil alikuwa anaozwa Hadado, upande wa Wajir, Ijumaa baada ya swala, na walii wa kumwoza ni baba. Saynab alikuwa ametangulia kwa ndugu zake. Kabla ya kupanda lori alimwambia mumewe maneno machache tu.

"Wakiuliza baba yuko wapi, nitasema yuko kwa mbwa. Usinifanye niseme."

Diriye aliomba ruhusa. Mkurugenzi akamjibu kwa huruma kubwa kwamba sheria ni sheria, na kwamba mabinti huolewa kila siku ilhali wafadhili huja mara moja.

Jumatano, lori la mwisho la kwenda Wajir lilikuwa likipakia sukari ng'ambo ya barabara. Diriye alikuwa amepiga magoti mbele ya Meja, akianza meno ya chini. Kivuli kikamwangukia. Alipoinua macho alimwona Mkurugenzi, shavu la kushoto limevimba mfano wa andazi.

"Jino," akasema Mkurugenzi kwa upande mmoja wa mdomo. "Sijalala. Lazima nifike Nairobi kesho na msafara wa alfajiri."

"Pole, bwana. Mganga wa meno yupo hapa mjini."

"Mdomo wa Mkurugenzi haufunguliwi mbele ya wananchi." Alijishika shavu. "Nilitaka kutangulia leo, nimetoka kizuizini. Wamenirudisha. Wanataka uthibitisho wako. Andika kwamba meno ni safi."

Diriye alimfungua Meja mdomo tena, kwa kuwa mtu hahukumu kabla ya kutazama. "Ya juu, naam. Ya chini bado. Magego haya ni ya njano kama samli ya zamani."

"Nani atayaona?"

"Wageni, bwana. Watamfunua mdomo."

Mkurugenzi aliinama, sauti ikawa ya kirafiki. "Diriye, una binti, sivyo? Andika meupe, nami nakuandikia ruhusa sasa hivi. Lori lile pale."

Diriye alilitazama lori. Vijana walikuwa wakifunga turubai. Aliwaza Idil na shash yake mpya, kitambaa cha kichwa cha mke, na wazee wa Hadado wakitazama njia. Kisha akayatazama magego. Angefurahi sana kama yangekuwa meupe. Aliyapitishia kidole, pengine ni jua tu. Halikuwa jua.

"Siwezi, bwana," akasema taratibu. "Ni njano."

Khadra alikuwa amesimama mlangoni na faili la mambo ya jumla. "Samahani, bwana. Adeer Diriye, ami yetu huyu, akiwa likizoni, waraka unasema mkubwa wake anakaimu. Mwenye kukaimu ndiye mwenye kuthibitisha."

Macho ya Mkurugenzi yakang'aa juu ya shavu lake.

"Mkubwa wake ni mimi."

"Ni wewe, bwana."

"Basi nakaimu." Alitia sahihi ruhusa ya Diriye juu ya mgongo wa Meja, ambaye ndiye aliyekuwa meza iliyo karibu. "Nenda, Diriye. Mabinti hawaolewi kila siku. Khadra, lete hati ya uthibitisho."

"Nailete leo, bwana, au baada ya wiki?"

"Wiki gani?"

"Ya kusugua. Kwa mkono wako mwenyewe. Ndivyo ulivyosema, kuzuia uvivu. Na askari wa daraja wanaijua hiyo kwa moyo, uliwasomea wewe."

Mkurugenzi alikaa juu ya kigoda cha Diriye. "Nautengua waraka."

"Waraka wa meno hutenguliwa na Kamati ya Meno, bwana. Mwenyekiti na katibu pamoja."

"Katibu ni nani?"

Wote wawili wakamtazama Diriye, ambaye alikuwa nje ya ua akiosha mikono kwenye mkokoteni wa Guleid, bila haraka, mara saba, mojawapo kwa udongo, huku dereva wa lori akipiga honi.

"Ewe Diriye," Mkurugenzi akaita. "Njoo tufanye kikao kidogo."

"Niko likizoni, bwana," akajibu Diriye kwa sauti yake ya chini, bila ubaya wowote. "Ila nikuache na neno. Anza kando ya ufizi, duara ndogo ndogo. Akitoa damu, acha hapo hadi kesho. Na usimkimbize. Jino halisafishwi kwa amri."

Alipanda juu ya magunia ya sukari. Kizuizini askari waliisoma ruhusa yake, wakasoma na nani anakaimu, wakaisoma tena, wakamfungulia njia.

Lakini kabla ya hapo lori lilizunguka nyuma ya ofisi, na kutoka juu Diriye aliona ndani ya ua. Mkurugenzi alikuwa amekunja mikono ya shati. Mkono mmoja ulishika shavu, mwingine ulishika kijiti cha mswaki. Meja alimnusa mdomo Kaimu Afisa wa Meno, akageuza uso kidogo, kama mtu mwenye adabu, kisha akafumba taya zake.

"Fungua," akasema Mkurugenzi.

Meja hakufungua. Jua lilikuwa linashuka. Khadra alichungulia dirishani, funguo mkononi.

"Nafunga ofisi, bwana. Meno ya chini?"

"Kesho," akasema Mkurugenzi, kwa shida, maana hata yeye hakuweza tena kuufungua mdomo wake.